Mishipa ya Mguu wa Mama

Mama alipikia wachimbaji kule Bugarama miaka mingi, amesimama mbele ya mafiga tangu alfajiri hadi jioni. Alituzaa saba, na kila mimba ilipokuja mishipa ya mguu wake wa kushoto ilizidi kutuna, mpaka ikajikunja kama nyungunyungu chini ya ngozi. Jioni mguu ulivimba hata kandambili ikakataa kuingia.

Shangazi, dada yake baba, alisema karogwa. "Kuna mtu kamtegea njiani." Mama hakubishana naye. Mimi, binti mkubwa, niliacha aitwe mganga, na hilo linaniuma hadi leo.

Mganga alimchanja chale tatu. Ya mwisho ilipita juu ya mshipa mnene, karibu na kifundo. Damu nyeusi ikamwagika, haikatiki. Tulimketisha kitini, mguu umening'inia, tukapaka majivu. Mganga alikusanya vitu vyake akaondoka.

"Mwanangu, naona giza," mama alisema, akaanguka.

Tulimpakia kwenye bodaboda, nimemkumbatia kwa nyuma, hadi kituo cha afya. Nesi alimlaza, akainua mguu juu ya mito, akabana jeraha kwa kitambaa safi. Baada ya muda damu ikakata. Niliona aibu. Kumbe ni kuinua mguu na kubana tu.

Kesho yake daktari alitueleza. "Ndani ya mishipa hii mna vilango. Damu ikipanda kwenda moyoni, vinajifunga isirudi. Vya mama vimelegea, damu inatuama mguuni."

"Nani kavilegeza?" shangazi akauliza.

"Uzazi, kusimama kutwa, umri. Pengine na ukoo. Mama yake alikuwaje?"

Mama akajibu toka kitandani, "Mama yangu alikufa na kidonda mguuni. Tulisema kagongwa na nyoka."

Shangazi akainamisha kichwa.

Mama alipewa bandeji za kubana, akaandikiwa rufaa ya upasuaji Mwanza, akaambiwa asisimame muda mrefu.

"Na ugali atasonga nani?" akauliza, bila kutania. Wiki ya tatu alikuwa jikoni. Mwanza hajaenda.

Ile chale haikufunga. Imekuwa kidonda kipana chenye harufu, huu mwaka wa pili. Kanisani haketi tena na akina mama wenzake. Anakaa benchi la nyuma, peke yake, na wimbo wa mwisho ukianza anatoka kabla watu hawajageuka.