Kitanda Atakachotandikiwa Placida

Jumapili, tarehe 18 Mei 2025. Mawingu tangu asubuhi, upepo wa baridi kutoka mashariki, mvua hakuna. Tulivaa makoti kama vile si Mei.

Saa tisa alasiri tulikuwa dukani kwa Dipti, Rayners Lane, London, hatua chache kutoka stesheni. Dipti anauza masanduku ya safari na tiketi za ndege. Jumapili hufunga, kwa hiyo tulikaa katikati ya masanduku yenyewe, wengine kwenye viti, Jacqueline juu ya sanduku kubwa la kijivu ambalo Dipti alimwambia mara mbili ashuke. Dipti ana miaka sitini na tisa. Alizaliwa Bukoba, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na Kiswahili chake hakijaingia kutu hata kidogo. Sisi humwita Mama Rupal, kwa jina la binti yake.

Ajenda ilikuwa moja tu, safari ya Septemba. Wanawake sita wa kikundi chetu, siku saba, hoteli ya ghorofa tatu katika mji mdogo wa pwani huko Ugiriki ambao jina lake kila mmoja wetu analitamka kivyake. Hoteli ilitaka majina yote sita, kama yalivyo kwenye pasi za kusafiria, kabla ya saa sita mchana Jumatatu. Mimi ndiye katibu, na kwenye daftari langu yalikuwepo matano. La sita ni la Placida, na Placida alikuwa hajapewa likizo.

Placida Kokubanza ana miaka hamsini na tatu. Anakaa Harrow na binti yake Angel, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja kubwa katikati ya jiji. Vyumba kumi na vinne kwa siku, siku tano kwa wiki. Likizo zake ninazozikumbuka ni hizi: mama yake alipofariki, kaka yake alipofariki, shangazi yake alipofariki, na wiki mbili Angel alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wazo la kwenda Ugiriki lilikuwa lake. Tangu Januari ameomba wiki ile ya Septemba mara tatu, kwa maandishi, na mara tatu msimamizi wake amemwambia ataangalia.

"Tuanze," nilisema. "Placida atueleze mambo ya hotelini, halafu Mama Rupal atueleze mambo ya huko."

Tulimpa Placida kazi hiyo kwa sababu hakuna kati yetu anayezijua hoteli kama yeye. Alisimama. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, na akisimama mbele ya watu hushika kitu. Safari hii alishika mto wa sofa ya Dipti.

"Mkifika chumbani," alisema, "begi lisiguse kitanda. Wala zulia. Lipelekeni bafuni, liwekeni kwenye vigae. Halafu mnafunua shuka hivi, kwenye kona, upande wa kichwani." Akaupindua ule mto, akawasha tochi ya simu na kuvuta mshono wa pembeni kwa kidole gumba. "Mnaangalia hapa. Mkiona vidoadoa vyeusi kama pilipili manga, ni kunguni. Msilale. Msiseme nitavumilia usiku mmoja."

"Mto wangu hauna kunguni," alisema Dipti.

"Sijasema unao, Mama Rupal."

"Umemulika kama polisi."

Placida aliurudisha mto mahali pake, akaupigapiga ukakaa sawa, akaendelea. Ombeni chumba kilicho mbali na lifti, na kisiwe juu ya jikoni, kwa sababu mapipa hutolewa alfajiri. Mkitoka mkachomoa kadi ya mlango kwenye kile kitundu cha ukutani, umeme unakatika. Ukiacha simu inachaji, utairudia kama ulivyoiacha. Kiyoyozi kikizima chenyewe, kabla ya kulalamika funga mlango wa roshani, vingi vimeunganishwa na mlango. Taulo ukilitundika, maana yake unaendelea kulitumia. Ukilitupa chini, maana yake libadilishwe. Na taulo la chumbani haliendi ufukweni.

"Kwa nini?" aliuliza Jacqueline. Jacqueline ni nesi, mdogo wetu wote, na huuliza kwa nini hata kwenye sala.

"Kwa sababu mchanga hautoki. Kuna mtu kule chini kwenye chumba cha kufulia anaupata wote."

Halafu akasema jambo ambalo nililiandika na kulipigia mstari, bila kujua litatumika mapema vile. "Mkiwa na shida, semeni saa ya kwanza. Si siku ya mwisho mkiwa mnatoka. Na msimweleze yule mfagiaji. Mfagiaji ukimwomba mto atakuletea miwili, lakini hawezi kukuhamisha chumba. Atasema sawa mama, na hatakwenda kusema popote, kwa sababu anaogopa. Shukeni mapokezi, muulizeni mwenye madaraka, na msiondoke pale mpaka awajibu. Kaeni. Mtu aliyekaa kwenye ukumbi wa hoteli na hacheki, wanamshughulikia upesi."

Dipti alichukua zamu yake. Yeye ameshakwenda mji ule mara mbili na mumewe. Alituambia tubebe viatu vya mpira vya kuingilia majini, kwa kuwa kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba. Alituambia plagi za huku zenye meno matatu haziingii kule, kwamba mapokezi watatudai kodi ya kila usiku hata kama chumba kimeshalipiwa, na kwamba baada ya chakula cha mchana mji mzima hulala, kwa hiyo Jacqueline asicheke kwenye roshani.

"Na chooni," alisema, "mabomba yao ni membamba. Karatasi haiendi kwenye shimo. Kuna kapu pembeni, unaweka mle."

"Mimi nakwenda na kopo langu," alisema Jacqueline.

"Kopo kutoka London?"

"Kopo limetoka Morogoro, Mama Rupal. London linapita tu."

Tulipomaliza kucheka Dipti alituinulia kidole. "Sasa sikilizeni hili, maana lilinitesa. Siku ya kwanza tumekwenda mgahawani. Mume wangu amekwenda kunawa, mimi namwagizia samaki. Namwambia yule kijana, samaki mmoja. Ananijibu, ne. Nikasema hapana, si nne, mmoja! Nikamwonyesha kidole. Akatabasamu, akasema, ne, ne."

"Nane!" alipiga kelele Jacqueline.

"Nane! Nikasimama. Samaki nane, sisi watu wawili, na mume wangu ana gauti! Nikamfuata mpaka jikoni. Kumbe kwa Kigiriki ne ni ndiyo. Mtu ananikubalia, mimi nagombana naye."

Hata Angel alicheka, na Angel alikuwa amekaa kando ya mlango na simu yake muda wote. Ana miaka ishirini, alizaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa amemleta mama yake kwa gari la rafiki na alikuwa akisubiri tu tumalize. Kicheko kilipotulia akauliza, kwa Kiingereza chake, bila nia yoyote mbaya:

"Mama, wewe umeshawahi kulala hotelini? Kama mgeni?"

Placida alikuwa anafunga zipu ya sanduku lililokuwa wazi karibu naye. Aliifunga mpaka mwisho.

"Hapana," alisema.

"Hata mara moja?"

"Uingereza hii nimekuwa mgeni miaka ishirini na mbili. Lakini mgeni wa aina hiyo, bado."

Jacqueline akaanza kuhesabu kwa vidole, kumi na vinne mara tano, mara wiki ngapi. Placida alimkatiza. "Usinihesabie." Halafu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kitu cha kununua sokoni, akasema: "Nataka niamke kwenye kitanda, nitoke nikiwa nimekiacha ovyo, nirudi nikikute kimetandikwa. Basi. Sina haja na bahari. Bahari nitaiangalia kwa kuwa ipo."

"Utakiacha ovyo wewe?" alisema Dipti. "Utakitandika kabla ya kupiga mswaki. Nakujua, Mama Angel."

"Nitajizuia."

Ndipo nilipolazimika kuuliza, kwa kuwa kazi ilikuwa yangu. Nilimwonyesha daftari, mistari sita, wa sita mtupu. Nikamwambia kesho saa sita mchana nafasi yake inaachiwa watu wengine, hoteli imejaa, na Jacqueline itabidi alale peke yake chumba cha watu wawili au naye asiende.

"Amesema ataangalia," alijibu Placida.

"Nani?"

"Msimamizi."

"Mara ya ngapi?" aliuliza Jacqueline.

"Ya tatu."

"Dada Placida." Safari hii Jacqueline alishuka kwenye sanduku bila kuambiwa. "Dakika ishirini zilizopita umetwambia nini? Ukiwa na shida usimweleze asiyeweza kukuhamisha chumba. Shuka mapokezi. Kaa. Usicheke. Si wewe? Katibu, si ameandika?"

Nilisoma mstari wenyewe kwa sauti.

"Hiyo ni kwa wageni," alisema Placida.

"Aa! Kumbe kuna ya wageni na ya kwako."

"Mimi nikienda kwa meneja wataniona mkorofi. Miaka kumi na tisa sijaenda kwa meneja."

"Ndiyo maana huendi Ugiriki," alisema Dipti, na alilisema taratibu, akikunja kitambaa alichofutia meza. "Baba yangu aliacha duka Bukoba kwa kuogopa kuonekana mkorofi kwa karani mmoja. Karani, Placida. Hata waziri hakuwa."

Placida aliomba daftari langu, akausoma ule ukurasa wote wa maneno yake mwenyewe, taratibu, kama vile umeandikwa na mtu mwingine. Aliniuliza herufi moja ambayo hakuisoma vizuri. Nilimwambia ni "mapokezi". Akanirudishia, akavaa koti, akamwambia Angel waende.

Mlangoni Jacqueline alimwita. "Kwa hiyo unakuja au huji?"

"Nitawaambia kesho," alisema.

Jumatatu, tarehe 19. Mawingu tena, upepo umepungua. Haya yaliyofuata alinisimulia mwenyewe kwa simu, na nilimrudisha nyuma mara kadhaa ili niyapate sawasawa.

Zamu yake huanza saa mbili asubuhi. Aliamka saa kumi na moja, akavaa gauni la bluu la kanisani na viatu vyake vya ngozi, sare akaitia kwenye mfuko. Kwenye bahasha alitia nakala za zile fomu tatu, ya Januari, ya Machi na ya Aprili. Alipanda treni ile ile ya kila siku. Lakini alipofika hakuzunguka nyuma kwenye uchochoro wa mapipa, ambako wafanyakazi huingilia. Alipita mlango wa mbele, ule wa kioo unaozunguka. Anasema ulimchanganya, kwa miaka kumi na tisa ameuona lakini hajawahi kuupita, na alizunguka nao mara mbili kabla ya kutokea ndani.

Msichana wa mapokezi alimtambua. "Placida? Leo una shughuli?"

"Nataka kumwona meneja. Si msimamizi. Meneja."

"Hajafika bado."

"Nitakaa hapa."

Akakaa kwenye kiti cha mahameli ya kijani katikati ya ukumbi, magoti pamoja, bahasha juu ya magoti. Ilikuwa saa moja na robo. Wageni walipita na masanduku yao. Mmoja alimwuliza kama naye anasubiri teksi, akamwambia hapana. Msimamizi wake alitokea kwenye lifti, akasimama, akamwuliza kuna tatizo gani. Placida alimsalimia vizuri na kumwambia anamsubiri meneja. Yule akasema si wangeongea tu wao wawili kule chini. "Tumeshaongea mara tatu," alisema Placida, akabaki pale pale. Hakucheka.

Meneja aliingia saa mbili kasoro dakika kumi. Walizungumza wakiwa wamesimama, pale pale ukumbini, mbele ya msichana wa mapokezi. Placida alimpa fomu moja moja kwa kufuata tarehe. Meneja alisoma zote tatu, akamwuliza amefanya kazi hapo tangu lini, akamwuliza tena kana kwamba hakusikia. Kisha akaazima kalamu mapokezi, akatia saini ile ya Januari.

Saa mbili na dakika tano simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi letu, kutoka kwa Placida, neno moja:

"Nne."

Jacqueline, ambaye alikuwa anatoka zamu ya usiku na kichwa hakijakaa sawa, alijibu hapo hapo: "Nne nini dada? Saa nne? Siku nne?" Dipti akatuma sauti, na hakukuwa na neno ndani yake, alikuwa anacheka tu, mpaka akakohoa. Nilifungua daftari nikaandika kwenye mstari wa sita, Placida Kokubanza, kama ilivyo kwenye pasi yake, kisha nikatuma majina kwa ile hoteli ya Ugiriki saa tatu kamili.

Yeye wakati huo alikuwa ameshashuka chini kubadilisha nguo. Alikunja gauni la bluu akalitia mfukoni, akavaa sare, akachukua toroli na kupanda ghorofa ya pili. Chumba cha kwanza wageni walikuwa wametupa taulo zote sakafuni na shuka nusu liko chini. Alikitandika kitanda kile kwa haraka kuliko kawaida yake, kwa kuwa alikuwa amechelewa dakika kumi na mbili na vyumba vilikuwa vimebaki kumi na vitatu.