Sanduku la Kwanza Mlangoni

Katika kijiji cha Wetherthorpe, juu kwenye vilima vya Yorkshire ambako upepo hauna pa kupumzikia, nyumba ambayo haikuliona sanduku kabla ya mkesha wa Krismasi ilihesabiwa kuwa imejitakia yenyewe. Ng'ombe wake wangeharibu mimba, unga wake usingeumuka, na binti yake angeolewa na mtu wa kijiji jirani. Hakuna aliyewahi kulithibitisha jambo hili, maana hakuna aliyethubutu kulijaribu, na kwa hiyo imani ilizidi kunenepa mwaka hadi mwaka.

Sanduku lilikuwa la Keziah Duggleby, mjane, dobi wa nguo za watu katika miezi ambayo si ya Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi. Alilirithi kwa mama mkwe wake pamoja na mume, Amosi. Mume akafa, sanduku likabaki, na Keziah hakuwahi kusema kwamba Mungu alichagua vibaya. Zamani lilikuwa sanduku la buti. Ndani walilala wanasesere wawili wa nta, Mama na Mwana, katikati ya matufaha na vijiti vya mmea wa rozmari, wamefunikwa kitambaa cheupe. Pua ya Mama iliyeyuka majira fulani alipowekwa karibu na moto, na tangu hapo akawa anafanana kidogo na kasisi wa kijiji. Hakuna aliyelisema hilo mbele ya kasisi.

Kila Majilio Keziah alipita nyumba kwa nyumba, akafunua kitambaa na kuimba wimbo wa beti saba. Sauti yake haikuwa tamu. Ilikuwa ya kusikika. Wenye nyumba walimpa mkate wa tangawizi na jibini, na wenye kuumwa meno wakachomoa kijiti cha rozmari wakitafune. Vyakula hivyo ndivyo vilivyomvusha hadi kondoo wanapozaa. Lakini vilikwenda kwa sanduku la kwanza tu. La pili likija, lilipewa pole na maganda.

Mwaka huo la pili lilikuwepo. Tamar Stamper, wa upande wa pili wa bwawa, alikuwa amenunua wanasesere wa kaure, wenye pua kamili.

Basi Jumamosi, siku mbili kabla ya kuanza mzunguko, Keziah alianika mashuka kwenye upepo wa kaskazini. Jumapili akaamka hana sauti. Alipofungua kinywa amsalimu paka, ulitoka mlio wa bawaba ya lango. Paka akatoka nje.

Jioni Tamar alifika na bakuli la supu ya vitunguu.

"Shoga, nimesikia umemeza kufuli," alisema, akiketi bila kukaribishwa. "Pole sana. Wewe pumzika. Mwaka huu niachie mimi."

"Mwaka huu tu?" Keziah alinong'ona.

"Ukipona tutaona."

Keziah aliijua hiyo *tutaona*. Mzunguko ukiuacha majira ya baridi mara moja, huurudii tena. Mwenzio keshakalia kiti. Akainywa supu yote, maana supu haina kosa, kisha akanong'ona, "Vitunguu vyako havikuiva."

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mke wa mhunzi, Bi Harland. Akafunua kitambaa. Akasimama.

"Haya, mama, imba," alisema Bi Harland.

Keziah akaonyesha koo lake, kisha akainua kidole kama mwalimu wa kwaya, na akangoja.

Watu wa vilima vile wanaweza kuvumilia kimya cha wiki nzima, hata katika ndoa. Wasichoweza kukivumilia ni mlango ulio wazi na joto linalotoka nje bure. Bi Harland alitazama moto wake, akamtazama Mama asiye na pua, akaanza kuimba mwenyewe. Beti zote saba alikuwa nazo. Miaka yote hiyo zilikuwa zimemwingia kama moshi kwenye nyama. Alipomaliza alitoa mkate, akiwa amefurahi kidogo na hajui kwa nini.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imetangulia. Nyumbani kwa fundi viatu walikuwa wameshaanza kuimba kabla hajafunua.

Ila Shamba la Juu palikuwa na Jabez Megginson, mhubiri wa kanisa lililojitenga na lile la kijiji, ambaye kwake wanasesere walikuwa sanamu tu, na ambaye alitoa jibini kila mwaka kwa sababu moja: mkewe, Hannah, aliogopa. Keziah alimkuta Tamar kizingitini, amekimbia, anahema, na sanduku lake kwapani, bado halijafunuliwa. Keziah akawahi kufunua lake.

"Bwana Megginson," Tamar alisema, "huyu tangu asubuhi hajaimba hata neno. Apewaye ni aimbaye!"

Uso wa Jabez ulichangamka. "Kweli kabisa. Imba, mama Duggleby."

Keziah akafungua kinywa. Bawaba ikalia.

"Hakuna wimbo, hakuna jibini," alisema Jabez, akaushika mlango.

Nyuma yake, jikoni, sauti nyembamba ikaanza ubeti wa kwanza.

"Hannah!"

Hannah hakunyamaza, alikuwa na ng'ombe watatu wenye mimba. Vibarua waliokuwa mezani wakaupokea wimbo, midomo imejaa nyama ya nguruwe, wakauimba vibaya mno. Jabez alistahimili ubeti wa pili. Katika ubeti wa tatu wakashuka nusu sauti. Sasa, mtu anaweza kuikana sanamu maisha yake yote, lakini mwenye besi nzuri hawezi kusimama akisikia besi ikiuawa nyumbani kwake. Jabez akaingilia kati, akaubeba wimbo mgongoni hadi ubeti wa saba.

"Vizuri," alisema Jabez, akifuta paji la uso. "Tumeimba sisi. Jibini ni letu."

Keziah akamwita Tamar kwa kidole, akamnong'oneza sikioni.

"Anasemaje?" aliuliza Jabez.

"Anasema..." Tamar alisita. "Anasema mmeimba mbele ya sanduku la nani?"

Akanong'onezwa tena.

"Anasema ndilo la kwanza mwaka huu, na limeshaimbiwa. Ukilirudisha tupu, ng'ombe ni wako, si wake." Tamar akavuta pumzi. "Na anasema besi yako nzuri, ila ubeti wa nne umeuburura."

"Sikuuburura!" alisema Jabez. Hannah alikuwa ameshampita na jibini zima mikononi.

Njiani Keziah alikata kipande kinene, akampa Tamar: ujira wa msemaji. Tamar alikitazama, akajua akikila amekubali kuwa wa pili. Akakila. Lilikuwa jibini zuri.

Sauti ya Keziah ilirudi baada ya Krismasi, wakati haina kazi. Majilio yaliyofuata ilikuwa nzima kama kengele. Alifika Shamba la Juu, Jabez akafungua mlango, keshasafisha koo. Keziah akafunua kitambaa, akafunga mdomo, akainua kidole.