Mkia wa Leso

Jana nyumba ilinuka ugali wa kuungua, nikajua binti yangu anatengeneza tiara. Ugali laini ndio gundi yetu tangu zamani. Kitabu chake cha shule kinasema wanajeshi wa kale wa Uchina walirusha tiara kupeana ishara. Mimi sikusoma sana, siwezi kubisha wala kuthibitisha. Ila ishara yenyewe naijua.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Makadara, na mama alikuwa amelazwa hospitali. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Baba alirudi kila jioni akisema, "Anaendelea vizuri," lakini chakula hagusi. Nikaona mama atadhani tumemsahau.

Wazo lilikuwa la Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, fundi wa tiara: turushe kwenye uwanja nyuma ya hospitali, mama aione dirishani. Tukavunja vijiti vya fagio, tukabandika gazeti kwa ugali. Lakini mkia wa juala la plastiki ulikuwa mwepesi mno. Tiara ikapiga mbizi.

"Lete kitambaa," Zuhura akasema. "Na kiwe cha mamako. La sivyo atajuaje ni yenu?"

"Atanichapa!"

"Akikuchapa si ndiyo amepona?"

Nikaikata leso yake ya kutokea, iliyoandikwa SUBIRA YAVUTA HERI. Haki isemwe, mkasi nilishika mimi, si Zuhura. Neno la mwisho likaenda na mkia. Tiara ikapanda juu ya paa la hospitali, ikatulia, nasi tukapiga kelele mpaka askari wa lango akatufukuza, macho yake yakiwa huko huko juu.

Mama alirudi amekonda, akaulizia leso yake. Nikalia kabla hajaikunjua. "Mama, tulirusha tiara uione!"

Akaitazama ile leso, akanitazama mimi. "Niliiona," akasema. "Mkia ulikuwa unacheza."

Akajifunga vivyo hivyo. Majirani wakimtania, "Mama Nekesa, subira yavuta nini?" alikuwa akijibu, "Tiara."

Juzi nilimpeleka shangazi hospitali ile ile, nikapita wodini alikolazwa mama. Madirisha yote yanatazama ukuta wa jikoni. Labda walijenga upya, sijui. Sitaki kumsingizia marehemu mama yangu.

Siku hizi tunakaa Pipeline, na dirisha letu linatazama ukuta wa ghorofa la jirani. Binti yangu alipokosa mkia nilimpa leso yangu na mkasi. Akakimbilia ngazi za kwenda juu kunakoanikwa nguo, kisha akageuka.

"Mama, utaiona ukiwa hapa?"

"Nitaiona," nikamwambia.