Siku Niliyotoa Mji

Binti yangu ndiye aliyetuandalia ile siku ya kutafuta hazina Satwa, hapa Dubai. Sisi ni watu wa Mombasa, kwa hiyo badala ya ramani alitumia vitendawili. Kila kitendawili kilikuwa na mahali pake, na kila mahali alikuwa amemwachia mwenye duka kopo lenye ushanga ndani. Atakayefika mwisho na shanga zote atapewa hazina. Simu marufuku. Ukikwama, uliza watu.

Kwake haukuwa mchezo tu. Hoteli anakofanya kazi ya mapokezi ilikuwa imemkubalia awatembeze watoto wa wageni vivyo hivyo Jumamosi. Alituambia wazi tukiwa kwenye basi kutoka nyumbani, Al Nahda: "Hawa wangu wakichoka leo, nampigia sir wa kazini namwambia basi. Sitaki kuaibika."

Hawa wake ni wasichana wawili, wa miaka tisa na sita. Wa nne nilikuwa mimi.

"Kitendawili!" akasema tuliposhuka.

"Tega!"

"Wanangu hulia kutwa, chozi halitoki."

"Cherehani!" nikajibu kabla wajukuu hawajavuta pumzi. Nimeshona nguo Satwa nusu ya umri wangu. Nikatangulia hadi kwa mafundi, nikasalimiana nao, nikachukua kopo mwenyewe.

"Wagonjwa wangu huja wakisukumwa, huondoka wakinguruma."

"Gereji!" Kopo hilo pia nililifungua mimi.

Mdogo akaketi ukingoni mwa njia. "Mama, twende nyumbani. Babu anacheza peke yake."

Binti yangu akanivuta kando. "Baba, khalas, inatosha. Satwa unaijua, nakubali. Lakini leo mchezo si wako, ni wa watoto."

Ndivyo nilivyomlea na yeye, nikimjibia kabla hajafungua mdomo. Alipomaliza shule alitaka ualimu. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia kazi ya hoteli huku, nikampelekea habari hiyo kama zawadi. Sikumwuliza. Nilikosa, na nilikuwa sijawahi kumwambia. Nikamwambia hapohapo, penye harufu ya mafuta ya magari, kisha nikarudi nyuma yao.

"Kitendawili! Nguo mpya kila wiki, arusini sialikwi."

Jibu nililijua. Nikauma ulimi. Wasichana wakaingia saluni, wakatolewa kwa kicheko. Wakamwuliza dobi, naye akawaonyesha mashati ya watu. Mwishowe mkubwa akasimama mbele ya duka la magauni, akaipigia kelele sanamu iliyovishwa dirishani: "Wewe! Kumbe ni wewe!" Mdogo alikuwa ameshaingia ndani kudai kopo.

Kikabaki kimoja. "Ndege huyu hali, hanywi, haruki, na jua la Satwa halimfukuzi."

Safari hii nami niliruhusiwa kujaribu, kwa kuwa binti yangu alikuwa na hakika sitaweza. Nikasema eropleni.

"Eropleni huruka, Babu!"

"Basi kuku wa mkahawani."

"Huyo yuko jikoni, jua litamfikaje?" akasema mkubwa, ambaye alikuwa ameshamwona ndege mwenyewe. "Umeshindwa. Toa mji!"

Ndiyo desturi yetu: ukishindwa unatoa mji, ndipo unapewa jibu. "Haya, nawapa Mombasa."

"Mombasa tunapewa na kila mtu," mkubwa akasema. "Tupe Dubai."

Nikasita. Miaka yote nimeihesabu Dubai kuwa ya wenyewe, si yangu ya kumpa mtu. Lakini yeye kazaliwa hapa. Nikawapa.

"Nimekwenda Dubai," akaanza kwa madaha, "nimekula, nimeshiba, nimeinua macho," akanigeuza kichwa kwa mikono yake miwili. Juu ya ukuta wa jengo zima alikuwa kipanga aliyechorwa, mbawa wazi. Nilikuwa nimepita chini yake mara nyingi nikitazama njia.

Hazina ilikuwa kwenye duka la chini yake: ubuyu mwekundu, uliotoka kwetu. Midomo ikageuka rangi.

"Mama, Jumamosi na sisi tunakuja?" mdogo akauliza.

"Jumamosi ni ya wageni."

"Basi tutegee kingine. Yalla, haraka!"

Binti yangu akacheka, akatoa simu. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, sir, Jumamosi iko palepale." Kisha akanigeukia. "Baba, utakuja? Nataka mtu wa kukaa nyuma, mtoto asipotee."

"Nyuma?"

"Nyuma kabisa. Na mdomo umefungwa."

Nilikubali. Jioni ile nilimweleza kila niliyepanda naye lifti kwamba binti yangu anafundisha watoto wa hoteli nzima kuujua mji. Niliposhuka tena kumweleza mlinzi wetu, Mganda mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hongera, mzee. Lakini hii ni mara ya tatu."

Nikamwambia akae vizuri, kuna sehemu niliisahau.