Folda ya Mteja Asiyekuja

Kompyuta ya dukani kwangu Kibondo ilijaa wiki ileile ya maombi ya vyuo. Mstari mwekundu kwenye kioo, na mlangoni foleni ya watoto wa watu wanaotaka kuskani vyeti. Ukijaribu kuhifadhi ukurasa mmoja tu, inagoma. Nilitukana, na nilikuwa na sababu: nusu ya diski ile ilijazwa na watu waliopiga picha, wakasema "nakuja kesho," na kesho yao haijafika mpaka leo.

Dukani kwangu kila mteja ana folda yake, yenye jina lake. Asipokuja kwa miezi mitatu, tunafuta. Sheria hiyo niliitunga mimi, nikamfundisha mdogo wangu, binti wa miaka kumi na tisa ninayefanya naye kazi. Nilimfundisha pia kufuta moja kwa moja, faili lisipitie kwenye pipa la taka la kompyuta, maana pipa nalo linakula nafasi. Ana mkono mwepesi. Nilikuwa najisifia kwa watu jinsi nilivyomfundisha.

"Safisha diski," nilimwambia Alhamisi. "Usiowajua wote, toa." Nikaenda kununua karatasi.

Mimi nilizaliwa Mtabila, kambi ya wakimbizi Warundi iliyokuwa nje ya Kasulu. Maneno ya kurudishwa Burundi yalipoanza kuvuma, miaka kabla kambi haijafungwa, mama alinishika mkono, tumboni akiwa na mdogo wangu, tukaondoka. Kibondo tukawa Waha, kama wenyeji. Lugha yao na Kirundi zinakaribiana; ukichunga maneno machache hakuna anayegeuka kukutazama. Jina lake la kwao mama akaliacha njiani. Hapa akaitwa mama wa fulani, kwa jina langu, na kanisani akachukua la mtakatifu. Mdogo wangu alikua akijua hayo tu. Hata msalaba wa kaburi umeandikwa hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama alificha jina, akazaa, akalea, akazikwa nalo.

Siku zake za mwisho aliniomba nimrekodi kwa simu. Aliongea Kirundi dakika arobaini: mlima wa kwao, wazazi wake, baba yetu na jinsi alivyompoteza, kwa nini alinyamaza. Hakuwa akisema na mimi. Alisema na kitinda mimba wake.

"Siku ya kumuaga akiolewa, mpe," aliniambia. "Kabla ya hapo, funga mdomo. Huyo bado mtoto, atasema."

Niliihamishia sauti kwenye kompyuta, simu nikaiuza. Na ili mtu asije akaifungua, niliificha katikati ya folda za wateja, nikaiita kwa jina la mama, lile la kwao. Nilijiona mjanja. Nani angelijua? Na kweli, hakuna aliyelijua.

Jumamosi nilirekodi harusi, saa sita za watu kulishana keki, nikaishindilia yote kwenye nafasi iliyopatikana. Jumatatu ndipo nilipopitia folda, ile ya mama nisiione. Nikamuuliza mdogo wangu.

"Kuna mama mmoja, jina kama la watu wa ng'ambo," alisema, huku akiendelea kukata picha za pasipoti. "Si hajawahi kuja huyo? Nimemtoa."

Niliinua mkono. Sikumpiga, lakini alijikunja, mkasi ukamwanguka.

Kompyuta niliipeleka kwa fundi Kasulu, nimeifunga kitenge, nimeipakata ndani ya basi kama mgonjwa. Alinieleza kwamba kilichofutwa hubaki palepale mpaka kifunikwe na kingine.

"Mngeizima siku ileile, dada, ningekutolea," alisema. "Mmeweka nini juu yake?"

"Harusi."

Akatikisa kichwa. Baada ya kuhangaika tangu asubuhi, programu yake ilileta jina la folda, herufi zote kamili. Ndani mlikuwa na faili moja lisilofunguka. Nilipomwambia ilikuwa sauti ya mama, akaniuliza kama nakumbuka alichosema. Nakumbuka mlima, na mto ambao jina limenitoka. Siku ile nilikuwa nikitazama chaji ya simu kuliko kumsikiliza, nikijua simu inamrekodi.

Niliporudi nilimweleza mdogo wangu yote, palepale dukani. Alilia, kisha akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Mmenifutisha mama yangu kwa mkono wangu," alisema. "Mngeniambia jina tu, dada. Basi."

Nina hasira na mama, nalisema hili nikijua yuko kaburini. Alimwogopa mtoto wake mwenyewe, akaniachia mimi uoga huo niutunze, nami nikautunza vizuri kuliko sauti yake.

"Litaje basi," alisema mdogo wangu. "Nililisoma haraka. Nataka kulisikia."

Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita kuelekea sokoni. Wa kutuuliza tulikotoka hayupo tena, najua hivyo vizuri. Hata hivyo niliinuka, nikachungulia nje kushoto na kulia, nikafunga mlango, ndipo nikamtajia jina la mama yake, kwa kunong'ona.