Nilimwambia Mama Ni Uzee

Nilikuwa nikifundisha bayolojia mjini Embu wakati mama, mchuma chai wa kijiji cha Kibugu, alipoacha kula githeri, mahindi na maharagwe yake ya kila siku.

"Chakula kinakwama kooni," aliniambia.

"Ni uzee, mama. Seli zimechoka." Akaridhika, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Miezi mitano baadaye, daktari alituonyesha uvimbe kooni mwake. Alieleza kwamba seli zikizeeka hukusanya makosa, na badala ya kupumzika, nyingine huzidi kugawanyika ovyo. Somo hilo nililifundisha kila mwaka.

Mama aliniuliza kwa Kiembu kama tumechelewa. Nikamwambia hapana. Akanishukuru kwa kumleta hospitali.

Tulimzika kabla ya mvua. Ndugu zangu hawajui kwamba alikuwa ameniambia mapema.