Mafuta ya Everlyne na Shikamoo za Watu

Everlyne Ngowa hakupanga kuzeeka. Alizeeka Jumamosi moja kabla ya adhuhuri, mlangoni pake, kwa sababu ya hasira, nami nilikuwepo namenya vitunguu.

Yeye na mumewe Chengo, dereva wa foklifti bandarini Kilindini, walikuwa wamehamia Buxton kutoka Magongo miezi michache tu nyuma. Mlango wao unatazamana na wangu. Everlyne alikuwa na miaka arobaini na sita, ameacha kazi ya kufagia maofisi, na jikoni mwake alitengeneza vitu vya urembo vya watu wasio na pesa za kuchezea. Mafuta ya nazi aliyapika mwenyewe: anakuna nazi kwenye mbuzi, anakamua tui, analichemsha taratibu mpaka mafuta yajitenge. Machicha ambayo wengine huwamwagia kuku aliyakausha, akayachanganya na mchele uliosagwa na manjano, yakawa ya kusugulia visigino. Maparachichi yaliyoiva kupita kiasi aliyapata Marikiti jioni, wauzaji wakitaka kwenda zao, akayaponda na asali yakawa ya usoni. Nyumba nzima ilinukia asumini. Chengo alilalamika kwamba hajui tena bakuli lipi ni la mchuzi na lipi ni la urembo.

Jumamosi hiyo akaja mwanamke wa ghorofa ya chini, mmoja wa wale ambao hawanunui hata ndimu bila kuitukana kwanza.

"Mafuta yako haya yafanya kazi kweli?"

"Nitazame mimi," akasema Everlyne. "Wanipa miaka mingapi?"

Mwanamke akamkagua kama anayechagua samaki. "Hamsini na mbili?"

Nilimwona Everlyne akipandwa na mori. Mimi ningemfungia mlango yule mwanamke, na kidole kama kingebaki ndani, shauri yake. Everlyne alivuta pumzi, akatabasamu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina sitini na mbili."

Kisu kilinisimama kwenye kitunguu. Mwanamke alinunua chupa tatu, akashuka ngazi mbio kwenda kutangaza.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Everlyne ilikuwa na starehe njiani. Vijana wa jengo walimbebea mitungi ya maji mpaka juu. Kanisani alipewa kiti cha mbele, chenye mto. Naye akajifunza uzee upesi: akishika goti anapoinuka, akiita watu kwa majina ya ndugu zao, akiguna bila sababu. Mafuta yakawa yanaisha kabla hayajapoa.

Aliyeumia ni Chengo. Bandarini wenzake walimuuliza kama mkewe humuogesha kabla ya kumlaza. Alikuja juu, akamtaka mkewe arudie umri wake siku hiyo hiyo. Aliposhindwa akaanza kumfanyia kusudi, kila akiingia ndani: "Shikamoo, nyanya." Everlyne alimwitikia marahaba, akampakulia kidogo.

Tatizo lenyewe lilikuwa Bi Mwikali. Huyu ni karani katika ofisi moja ya mawakala wa forodha, mzaliwa wa Mombasa hii hii, anakaa mlango wa mwisho kwenye ghorofa yetu. Ana miaka hamsini na minane, na hafichi. Tangu siku ile, kila asubuhi akipita kwenda kazini alisimama mlangoni kwa Everlyne, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mama." Mara ya kwanza Everlyne alipaliwa na chai. Mwanamke aliyemzidi miaka kumi na miwili anamwamkia! Lakini watu walikuwa wanatazama.

"Marahaba," akajibu.

Nilimwambia baadaye kwamba hiyo ni laana ya kujitakia.

"Nifanyeje, Mama Ashley?" akanijibu kwa uchungu. "Nikisema nimedanganya, nani atapaka tena kitu changu? Nirudi kufagia?"

Na si hivyo tu. Binti wa Bi Mwikali alikuwa anaolewa, na kamati ya harusi ilikuwa imempa Everlyne kazi ya kuwatengenezea bi harusi na wasimamizi wake wote vitu vya urembo. Akina mama wa kamati wangekuja kuchukua vitu vyao Jumamosi. Siri ikifumuka kabla ya hapo, jina lake lote lingekwenda na maji.

Jumamosi ikafika, ukumbi umejaa wanawake, chupa zimepangwa kwenye mkeka. Bi Mwikali akaingia: "Shikamoo, mama." Everlyne akaitika: "Marahaba, mwanangu, karibu." Hapo hapo nikaona juu ya ngazi kunatokea kiroba cha mihogo, na chini ya kiroba kichwa, na chini ya kichwa Bi Kadzo, mamake Everlyne, ametoka Kaloleni bila kupiga simu. Kapanda ngazi zote na mzigo wake, wala hahemi.

Everlyne aligeuka rangi ya machicha.

"Na huyu ni nani?" akauliza mmoja wa kamati.

"Huyu... huyu ni dada yangu," akasema Everlyne.

"Dada?" Bi Kadzo akakitua kiroba. "Nani dada yako? Miye ndiye niliyekuzaa!"

Niliwaona wanawake wanahesabu moyoni, midomo yao inacheza. Bi Kadzo ana miaka sitini na minane na anaonekana nayo, labda na moja ya nyongeza.

"Samahani, bibi," yule wa kamati akasema polepole, "kwani wewe una miaka mingapi?"

Bi Kadzo akazitazama chupa. Akamtazama mwanawe, uso wa mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya sukari. Akawatazama wanawake wanaomwita mwanawe mama.

"Themanini na tatu," akasema.

Kelele zilizopigwa hapo zilimtoa Chengo bafuni na povu kichwani. Wanawake walimzunguka Bi Kadzo, wanamshika mashavu, wanamuuliza yeye hupaka lipi. Mwanamke huyu hajapaka kitu maishani mwake ila sabuni ya kufulia. Akanyoosha kidole bila kufikiri, akaonyesha ya visigino. Walipigana kuinunua, na kwa ninavyojua mpaka leo wapo wanaojisugua nayo usoni.

Wageni walipoondoka, Bi Kadzo alifunga mlango. Aliniacha ndani, nadhani kwa kuwa alitaka shahidi.

"Kudanganya miaka ni biashara," akasema. "Hata wauza mbuzi hudanganya. Lakini yule mama wa watu aliyekuamkia nikipanda ngazi amekuzidi, nimemwona. Shikamoo yake umeipokea kwa mdomo gani?"

"Mama, ilikuwa—"

"Kesho uende ukairudishe. La sivyo nitairudisha miye, mbele ya kamati."

Everlyne hakulala. Kesho yake baada ya kanisa alinishika mkono tukaenda mlango wa mwisho. Bi Mwikali alipofungua, Everlyne alikunja magoti kabisa, akainama.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nilikudanganya. Nina arobaini na sita. Nisamehe, na hivyo vitu vya harusi ukitaka kuvirudisha, virudishe."

Bi Mwikali akamshika bega.

"Inuka," akasema. "Najua zamani. Mtu wa sitini na mbili hapandi ngazi mbili mbili akidhani haonekani."

"Ulijua? Mbona basi ukawa waniamkia?"

Bi Mwikali alichezea komeo la mlango. "Mamangu alikufa mwaka juzi. Ofisini mimi ndiye mkubwa, kanisani ndiye mkubwa, hapa ndiye mkubwa. Kutwa ni marahaba, marahaba. Sina hata mmoja wa kumwamkia. Nikasikia una miaka sitini na miwili. Nilijua ni uongo, nikautaka hivyo hivyo."

Machozi yalimtoka Everlyne, nami pia, ingawa sipendi kulia mbele ya jirani. Kisha akamshika Bi Mwikali mkono, akamvuta ukumbini mpaka kwake. Bi Kadzo alikuwa ameketi chini anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama," akasema Bi Mwikali.

"Marahaba, mwanangu." Bi Kadzo akamtazama juu mpaka chini, karani wa forodha ambaye milango mingine huingia kwa ubavu. "Mbona umekonda hivi? Wala chakula kweli?"

Bi Mwikali akakaa chini mkekani na nguo zake za kanisani, akalia kama aliyerudi kwao.